Mu Kampi Yetu Polepole Hakufwa

Siku ya kwanza ya juma, le 5 octobre 2009

Brouette tena. Bapolonais babili banamwanga beton, mi nasukuma. Chantier ya Woluwe, karibu na hopitali. Matope mupaka ku magoti. Goti ya kuume inauma. Kapita, musimamizi wetu, mureno moja, analalamika juu ya mvua sawa vile shiye njo tuliileta.

Kisha kazi nilipanda mupaka Porte de Namur kununua sombe, majani ya muhogo. Pa Chaussée d'Ixelles niliona sura ku kioo ya sinema moja kidogo. Nilisimama. Bantu banapita, bananigonga na mifuko yabo. Sikutoka.

Ni yeye. Kofia nyuma ya kichwa. Macho ya usingizi. Polepole.

Chini kuko jina yake ya kweli, ya kiamerika, ndefu. Haina kazi kuiandika. Kule Lubumbashi, mu kampi ya bantu ya mine ya shaba, hakuna mwenye aliijua. Shiye tulimuita Polepole juu hakukimbiaka hata siku moja. Risasi inakuya, yeye anatembea. Nyumba inawaka moto, yeye anatembea.

Bataonyesha filme zake kila siku ya mungu, mupaka novembre.

Nilifurahi sawa mutoto. Nilifika ku nyumba, Schaerbeek, bila sombe.

Siku ya tatu, le 7 octobre

Solange alitelefona. Binti yangu, mumoja tu. Anatunza bazee mu home. Nilimuambia Polepole eko huku. Hamujue. Alikuya Bulaya mutoto kidogo.

Bon, nilimueleza. Papa yangu, nkambo yake, muchana alipakia mawe ya shaba. Siku ya posho, mwisho ya juma, mangaribi, alikuwa Musemaji. Bazungu ya kampi banafunga nguo nyeupe ku ukuta. Mashini inawaka. Bantu banajaa chini. Filme ni ya kingereza, hakuna mwenye anasikia. Papa anasimama pembeni na mégaphone ya bati, anasema yote mu Kiswahili. Polepole, mwizi, bibi ya mwizi, farasi. Yote na kinywa yake moja.

Solange anauliza: «Nkambo alijua kingereza?»

Hapana. Hata neno moja.

Alicheka sana. Mi sikucheka. Alafu nilicheka.

Siku ya mungu, le 11 octobre

Kisha misa nilienda. Nilivaa costume yenye nilizikia bibi yangu Astrida, mama ya Solange. Sina ingine.

Leo ilikuwa filme yenye shiye tuliita Ile ya Treni. Mu salle bazungu bazee, kidogo tu, na mi. Polepole anaingia mu gare. Anatembea vile vile. Kisha akafungua kinywa.

Sauti ya mutoto ya mbuzi. Ndogo, ya mu pua.

Nilitaka kusimama nibaambie mashini imeharibika. Mi najua sauti ya Polepole. Ni nzito, inatoka mu tumbo. Nilikaa kidogo, nikaelewa. Miaka yote ile ku kampi, hakuna mwenye alisikia ule muamerika. Mégaphone ilikuwa juu yake. Sauti ya Polepole ni sauti ya papa.

Nilifunga macho. Nilimusikia. Papa eko chini ya udongo tangu zamani, na nilimusikia pale, ku Ixelles, mu kiti ya velours.

Nilitoka kifua mbele.

Siku ya mungu, le 18 octobre

Mbele ya filme, maman moja muzungu ya ile sinema anasimama, anaelezea maisha ya Polepole. Leo nilisikia yote.

Alizaliwa ku shamba. Bila viatu. Papa yake alikufwa chini ya gari ya ng'ombe. Kule Hollywood alifika kutafuta kazi tu, hakutafuta sinema. Alibeba mbao. Alijenga zile nyumba za filme, zenye ziko na mbele na hazina nyuma. Manœuvre! Sawa mi.

Siku moja muntu mwenye alipaswa kuanguka ku farasi aliogopa. Polepole akaweka mbao chini, akaanguka fasi yake. Basi bakamupa ile kazi. Alianguka fasi ya bantu ya majina makubwa miaka na miaka. Sura yake haionekane, ni mugongo tu. Alafu farasi moja ikamulalia. Kiuno ikavunjika, ikaungwa mubaya. Njo vile hakimbie. Hakuweza.

Ku kampi tulisema hakimbie juu haogope muntu. Kumbe kiuno. Mukubwa moja ya filme akamuona anatembea vile, akasema: huyu njo namutafuta.

Nilikaa na goti yangu pale mu giza. Nilijiona mukubwa. Mubeba mbao, muntu ya kuvunjika, na dunia muzima ilikaa kimya kumuangalia anatembea.

Mangaribi, salle ya paroisse. Maman Léontine, présidente ya mutuelle, chama yetu ya bantu ya Katanga, anatafuta kitu ya fête ya novembre. Nilisema tuonyeshe filme ya Polepole, na Musemaji, sawa ku kampi. Mi nitasema. Bamaman balipiga makofi.

Kisha Donatien.

Donatien ni comptable, muntu ya hesabu. Cravate hata siku ya posho. Tulikomalia kampi moja. Papa yake alikuwa karani mu bureau, balikuwa na nyumba ya matofali, hawakukaa chini na shiye. Tangu batoto tuko na maneno moja yenye haijaisha. Ni juu ya filme ya Kisima. Polepole anachunga kisima ya bantu maskini, banamupiga risasi, anarudi ku bibi yake. Mi nasema alifika. Yeye anasema alikufwa ku njia. Tulipigana juu ya ile ku masomo. Alinitoa jino.

Leo, mbele ya bantu bote: «Tuonyeshe Ile ya Kisima, donc. Mutoto ya mwongo atatuambia mwisho.»

Mutoto ya mwongo. Ananiitaka vile tangu zamani. Anasema ni mchezo. Bantu balicheka. Mi nilisema sawa, Ile ya Kisima. Utaona, Monsieur Cravate.

Maman Léontine: «Bazee babili na cow-boy moja. Mungu atusaidie.»

Siku ya mungu, le 25 octobre

Leo Ile ya Kisima.

Alikufwa.

Siku ya kwanza, le 26 octobre

Jana sikuweza. Naandika leo.

Filme ilianza sawa vile najua. Kisima, vumbi, farasi ya madoadoa. Papa mu maskio yangu neno kwa neno. Banapiga Polepole risasi ya tumbo. Anatoka, anatembea, mukono ku shati. Mbali kuko nyumba na taa mu dirisha. Pale njo mwisho ku kampi. Picha inaisha, nguo inabaki nyeupe, na papa anamaliza na kinywa. Polepole anafika. Bibi anafungua mulango, anatoa risasi na kisu ya jikoni, anamutukana kidogo, anamupikia bukari na samaki. Bajirani banakuya. Shiye tunapiga makelele, mbwa ya bazungu zinalia.

Ku Ixelles haikuishia pale. Ilizidi kwenda. Anafika ku lupango. Anashika mulango ya miti ya uzio. Anaanguka. Mvua inamunyeshea ku uso, macho wazi. Bibi hata hajui. Taa inazimika. Fin.

Bazungu balivaa makoti, bakaenda kunywa kahawa.

Donatien alisema kweli maisha yake yote. Na jino yangu ilienda bure.

Ao papa alijua, akadanganya kampi muzima. Ao hakujua, alikuwa anasema tu maneno ya kichwa yake. Sijue mubaya zaidi ni gani.

Siku ya tano, le 30 octobre

Kazi. Sikusema na muntu. Maman Léontine anatelefona, siitike. Solange anasema Donatien eko anaambia bantu: «Cow-boy wetu amekimbia. Ule mwenye hakimbiaka.»

Hasira. Na haya.

Siku ya mungu, le 1er novembre

Toussaint, sikukuu ya batakatifu. Nilienda ku makaburi. Nilisafisha jiwe ya Astrida, niliweka maua. Yeye hakupenda sinema. Alisema bantu banakaa mu giza kuangalia ukuta, wakati nguo hazijafuliwa. Nilimuambia maneno yote, hata jino. Ningependa anitukane kidogo.

Sikuenda ku sinema. Sikuenda ku salle.

Haya si yangu mi. Ni ya papa. Kama bananicheka mi, nitabacheka pia. Yeye hana kinywa tena ya kujitetea. Kama sisimame, jina yake huku Bulaya itabaki Mwongo. Batoto ya Solange batazaliwa, bataikuta vile.

Siku ya pili, le 3 novembre

Nilinunua carte, nikatelefonia Tantine Bernadette ku Lubumbashi. Dada ya papa, wa mwisho mwenye anabaki. Maskio nusu, kichwa muzima. Inakatika, narudilia.

Niliuliza moja kwa moja: papa alijua Polepole anakufwa?

Nilizani imekatika tena. Kisha: «Ah. Ile. Weye ulikuwa ku mugongo ya mama yako.»

Anasema mara ya kwanza filme ilipita muzima. Papa alisema yote, alifika mwisho, akasema: anakufwa. Kampi ikaanguka. Bamaman bakafungua bitambaa ya kichwa, bakakaa chini. Bakafanya kilio ya kweli. Moto inje, nyimbo, kulala pale pale. Juu ya muntu ya sinema! Siku ya kwanza asubui banaume hawakushuka mu mine. Wafiwa hawaendeke ku kazi.

Bakubwa ya kampi bakakasirika. Bakakata kile kipande ya mwisho. Kilibaki tu ku cercle, klabu ya bakarani, kule banaangalia filme na français, bila Musemaji. Njo vile Donatien alijua. Kwa bantu ya kampi, bakasema, filme itaishia pale Polepole anatembea. Mashini inazimwa. Kila muntu ku nyumba yake.

Papa akakatala. Yeye, mupakia mawe, hana viatu ya kufunga, akaingia mu bureau ya mukubwa ya kampi. Akasema muntu harudishwake ku nyumba na hadisi ya kukatwa. Banipe taa ya mashini tu, mi nitamaliza. Bakamupa juu balizani atasema kidogo. Alisema mupaka mashini ikapata moto. Na kila siku ya posho alimaliza na maneno mapya.

Nilimuuliza: lakini haikuwa uwongo, Tantine?

«Mwongo anadanganya juu ya kula kitu yako. Papa yako alikula nini?»

Carte iliisha pale.

Nilikaa mu cuisine na telefone ku mukono. Papa alijua. Alijua, alibeba peke yake, na alienda mu bureau. Mi nisingeenda. Leo hata kapita naogopa kumuomba congé ya siku moja.

Siku ya tano, le 6 novembre

Nilitelefonia Maman Léontine. Nitakuya. Nitasema filme muzima.

«Hata mwisho, papa?»

Hata mwisho.

Nilimuambia vile sawa muntu mwenye anajua atafanya nini. Sijue hata kidogo. Kama nasema Polepole alifika, picha itanikatala mbele ya bantu. Kama nasema alikufwa, namuzika papa na mukono yangu.

Siku ya tatu, le 11 novembre

Congé. Solange alikuya na DVD. Nilisimama pembeni ya télé, nilianza. Vumbi ya ciment imeniharibia koo. Farasi naweza. Mwizi naweza. Bibi ya Polepole hapana. Papa alishika koo na bidole bibili, sauti ikapanda. Mi nikishika nakohoa.

Solange alicheka mupaka machozi. Kisha akapangusa macho. «Papa, bajeunes batakucheka.»

Bacheke. Nilisema vile.

Ku mwisho, ku lupango, nilikwama. Solange alizima, akaenda kusonga bukari. Hakuniuliza. Ni mutoto ya mama yake.

Siku ya mungu, le 15 novembre

Filme ya mwisho ku Ixelles. Polepole muzee.

Ule maman ya sinema alimaliza kueleza maisha ya Polepole. Kisha ile ya Kisima jina yake ilikuwa kila fasi. Alafu bakubwa bapya balikuya, balitaka vijana, bantu ya kukimbia. Hawakumuita tena. Akakunywa pombe. Bantu balisema ameisha. Kisha bibi yake akafwa, na yeye njo akaacha pombe. Bote balingojea atakunywa zaidi. Akarudi. Balimupa kazi ya papa ya muntu, ya juge ya korti, ya nkambo. Kila mara ya kukaa, juu kiuno ilikatala kabisa. Mu filme ya leo anakaa mbele ya nyumba, anatoa maganda ku tunda na kisu. Batoto yake banagombana juu ya shamba. Yeye anatoa maganda. Ni ile tu. Sikumuondolea macho.

Polepole ya kweli alikufwa mu kitanda, mu home, sawa bale bazee Solange anaosha.

Bibi yake alikufwa, yeye akasimama. Ile niliisikia sana. Kisha kufwa ya Astrida, mi pia nilirudi ku kazi. Hakuna mwenye aliniandika ku kioo ya sinema. Haizuru. Nilisimama.

Siku ya pili, le 17 novembre

Nasema peke yangu na brouette. Polepole huyu, mwizi huyu. Kapita aliuliza kama niko mugonjwa. Nilimueleza. Sasa chantier muzima bananiita Cinéma.

Mupolonais moja, ule mukubwa, anajua Polepole! Kwabo pia alipita, ku télé. Anasema kule kuko muntu moja anasemaka juu ya filme, banaume, banamuke, batoto, bote sauti moja, bila kucheka, bila kulia, sawa mwenye anasoma meteo, habari ya mvua.

Nilimuambia papa yangu alicheka na alilia.

Alifikiri. «Papa yako bora,» anasema. Akarudi ku beton.

Siku ya mungu, le 22 novembre

Fête ilikuwa jana. Naandika yote.

Salle ilijaa. Drap ya Maman Léontine ku ukuta, na projecteur ya paroisse. Donatien mbele kabisa, cravate nyekundu, mikono ku kifua. Bajeunes nyuma na telefone zabo. Solange pembeni ya mulango, sawa mwenye anataka kukimbia fasi yangu.

Nilishika micro. Polepole akatokea. Nilifungua kinywa, hakuna kitu. Kijana moja nyuma: «Tonton, ongeza volume!» Kicheko. Mwingine: «Ni filme ya bubu!» Jasho ilinishuka mupaka ku viatu.

Kisha farasi ikapita, na mi nikalia sawa farasi. Sikufikiri. Ikatoka tu.

Salle ikapasuka na kicheko. Pale njo nilimupata papa. Sikutafuta tena maneno, yalinikuta. Mwizi nilimupa kutembea ya Donatien na kukohoa ya Donatien, hata yeye alijijua, alifunika kinywa na mukono. Bibi ya Polepole nilishika koo na bidole bibili, na sauti ikapanda! Bamaman bazee balianza kumuonya Polepole sawa ku kampi. «Nyuma yako! Weye, angalia nyuma!» «Achana na ule muntu, ana macho mubaya!» Bajeunes baliweka telefone mu mufuko. Wakaanza kupiga makelele na bo.

Risasi.

Polepole anatembea, mukono ku shati. Nyumba ile, taa ile. Maman Léontine alikuwa na télécommande. Aliniangalia: nizime? Alikuwa amesikia maneno ya Tantine, nilimueleza. Nilitikisa kichwa. Hapana. Acha.

Nikasema vile niliona. Anafika ku lupango. Anashika mulango. Mukono inateleza. Anaanguka. Mvua. Bibi yake eko mu nyumba, hajui.

«Anakufwa,» nikasema. «Donatien alisema kweli. Polepole alikufwa.»

Nikashusha micro.

Alafu maman moja muzee akafungua kitambaa ya kichwa, akaiweka ku magoti. Akaanza wimbo ya kilio. Wa pembeni akaingia. Na mwingine. Bajeunes balizani ni théâtre. Haikuwa théâtre. Huku Bulaya kila muntu eko na muntu yake mwenye alikufwa kule, na kilio yake ilikuwa telefone tu. Asubui, mu tramu, mbele ya bantu, na unaenda ku kazi vile vile. Mi pia. Papa alikufwa mi niko huku bila documents. Sikumuzika. Sikukaa chini, mu kilio yake, hata saa moja. Siku ile nilipasua ukuta na marteau-piqueur, hakuna mwenye alijua.

Nililia jana. Mbele ya bantu bote. Sina haya.

Wimbo ikaisha. Filme ilikuwa imeisha zamani, drap nyeupe, taa inawaka bure. Bantu banapangusa uso. Nilizani ni mwisho.

Donatien akasimama. Nikajua anataka kusema: muliona? Anayo haki. Hakusema vile. Alikuwa na macho nyekundu kushinda cravate.

«Musemaji,» anasema. «Umalize. Bantu hawawezi kurudi ku nyumba vile.»

Musemaji. Maisha yangu yote hajaniita vile.

Nikashika micro. Nikasema: vile muliona, njo vile Baamerika balimaliza. Sasa vile kampi ilimaliza. Bibi akasikia kitu inaanguka inje. Akatoka na taa. Akamukokota, akamutukana, ulikuwa wapi, chakula inapoa. Kisu ya jikoni. Risasi ikalia mu sahani, tin! Akamukalisha ku meza. Bukari. Samaki. Bajirani bakapiga hodi. Nikamuingiza Astrida na sufuria yake ya sombe. Nikamuingiza papa, na mégaphone ku mukono.

Maman moja akaita: «Weka mama yangu!» Jina yake? Akasema. Nikamuweka. «Weka yaya yangu Charlotte, mukubwa wangu, alipenda samaki!» Nikamuweka, samaki mbele yake. «Tonton, weka kadogo wangu.» Ni ule kijana ya volume. Nikamuweka, karibu na moto. Majina yalikuya kila upande, mi naita, nafungua mulango, nakalisha. Viti vikaisha mu ile nyumba, nikaweka bantu chini, ku kitanda, ku dirisha. Polepole anagawa bukari. Hata yeye alichoka.

Donatien hakusema jina. Mi nilimuwekea. Papa yake, karani, nikamuingiza na kofia yake ya bureau, nikamukalisha chini, mu mukeka, na shiye. Nikamupa kichwa ya samaki. Donatien akachezesha kichwa, sawa mwenye anasema aksanti na hataki basikie.

Kisha tulikula ya kweli.

Solange alinishika mukono mupaka tramu. Anasema alikuwa anajua nkambo yake ku photo tu. Sasa anamujua.

Papa, ulikuwa sawa. Naandika ile juu sikukuambia.

Siku ya pili, le 24 novembre

Sauti haiko. Hata kidogo. Kapita aliniita, nilionyesha koo. Mupolonais alinipa bonbon ya menthe, kali sana. Baridi. Tulibeba madriers, mbao nzito, muchana muzima, hakuna mwenye alitaka niseme.

Mangaribi Donatien akagonga. Hajawahi kuingia kwangu, miaka yote hii Schaerbeek. Alileta buki, asali ya nyuki, mu chupa. Alikaa na koti. Nilimupa chai.

Alisema, mi nilisikiliza. Siku moja, shiye tayari batoto ya masomo, balionyesha Kisima ku cercle; alikuwa ku kiti, pembeni ya papa yake. Polepole akaanguka. Bakarani balisema bien, bakafunga vifungo ya veste. Na ku kampi, ngambo ingine ya ukuta, siku za posho zenye zilifuata, alisikia shiye tunacheka. Ku filme moja ile. Alilala na ile kicheko mu maskio. Aliuliza papa yake tunacheka nini. Papa yake alisema: bajinga.

Akazungusha kijiko mu chai.

Kisha akauliza papa yangu alikuwa anafanya namna gani pale Polepole anaingia mu nyumba. Maneno hapana, anasema. Namna.

Sina sauti. Nilisimama pale mu cuisine, kati ya meza na frigo. Nilimuonyesha na mikono. Mulango. Kofia. Bibi na kisu. Risasi mu sahani.

Hakucheka. Aliangalia mupaka mwisho.